Aliyekuwa Akitoa Amekufa

Somo la mwezi, juu ya maneno ya kale yaliyosemwa Kilwa

Kwanza someni: Matendo ya Mitume 20:32–35, 2 Wakorintho 8:1–15, Waebrania 9:15–17.



Sisi tukaao Lipangalala twaujua vema Mto Kilombero. Lakini maji yake hayakomi hapa kwetu Ifakara. Huenda mbele yakakutana na maji ya Luwegu, na mito hiyo miwili ikiisha kuungana huitwa Rufiji, nayo Rufiji huyachukua maji yetu hata baharini, mkabala wa kisiwa cha Mafia. Mtu akisimama hapo mto unapoingia baharini, kisha akaifuata pwani kwenda kusini, atafika Kilwa. Na huko Kilwa, karibu miaka 700 iliyopita, alikaa mtawala aliyesifiwa kwa kutoa, akafuatwa na nduguye aliyejulikana kwa neno moja tu. Neno hilo ndilo tutakalo kujifunza mwezi huu, kwa kuwa tumelisikia tena karibu nasi, na waliolinena ni sisi wenyewe.

1. Kwa nini tusikilize maneno ya kale

Wako watakaouliza: Mkristo ana shauri gani na maneno ya mji wa Waislamu wa zamani? Twajibu hivi. Kitabu cha Mithali chenyewe kimeyapokea maneno ya Aguri na ya mfalme Lemueli, nayo twayasoma katika sura ya 30 na ya 31. Mtume Paulo, alipohubiri Athene, aliwatajia watu wa mji ule maneno ya watunga mashairi wao (Matendo 17:28). Naye Dakta Martin Luther alizipenda methali za watu wake, hata akajiandikia kwa mkono wake mkusanyo wa methali za Kijerumani zipatazo 489. Tena mwaka 1530, alipokuwa akikaa katika ngome ya Coburg, alianza kuzitengeneza upya hadithi za Esopo, ili vijana na watumishi wa nyumbani wapate kuzisoma kwa faida.

Basi, methali si Injili, wala neno la wenye hekima haliwezi kumwokoa mtu. Lakini laweza kumwekea mtu kioo mbele ya uso, akajiona jinsi alivyo. Vitabu vya karne za katikati, yaani miaka ile ipatayo elfu iliyo kati ya kuanguka kwa Rumi na siku za Luther, vina vioo vingi vya namna hiyo. Vingine viliandikwa Ulaya, vingine Uarabuni na Afrika. Kimoja chatuhusu sisi kuliko vingine, kwa kuwa chasimulia habari za pwani yetu.

2. Habari ya mavazi

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri jina lake Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko. Alikuja kwa chombo, akiisha kupita Mogadishu na Mombasa. Baada ya miaka mingi ya kuzunguka duniani alirudi kwao, na kwa amri ya sultani wa Fez akazisimulia safari zake. Mwandishi mmoja, Ibn Juzayy, akaziandika, na masimulizi yakamalizika mwaka 1355. Katika kitabu hicho imo habari ya Kilwa.

Sultani wa Kilwa siku zile alikuwa Hasan bin Suleiman. Dhahabu iliyotoka Sofala ilikuwa ikipita katika mikono ya watu wake, na mji ulikuwa tajiri. Yeye ndiye aliyejenga jumba kubwa liitwalo Husuni Kubwa, juu ya jabali lielekealo bahari, ambalo magofu yake yangalipo hata leo. Watu walimpa jina la Abul-Mawahib, maana yake Baba wa Vipawa, kwa sababu ya wingi wa vitu alivyovitoa.

Asimulia msafiri yule ya kwamba siku moja ya Ijumaa sultani alikuwa akitoka msikitini kwenda nyumbani kwake. Fakiri mmoja, mtu wa Yemeni, akamsimamisha njiani, akamwita kwa jina lile la Baba wa Vipawa. Sultani akamwitikia kwa upole, akamwuliza haja yake. Fakiri akaomba apewe mavazi yale yale aliyoyavaa sultani mwilini. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe saa ile ile. Sultani akakubali tena, akarudi, akaingia katika nyumba ya mhubiri wa msikiti, akavaa mavazi mengine, akayavua yale, akamwambia yule maskini aingie ayatwae. Naye akayafunga kitambaani, akajitwika kichwani, akaenda zake. Watu waliosimama pale wakamsifu sana sultani kwa unyenyekevu wake.

Hatuna budi kukiri ya kuwa tendo hilo ni zuri. Mkuu wa mji alisimamishwa njiani na mtu asiye na cheo, wala hakukasirika. Aliombwa kitu kigumu, wala hakusema njoo kesho. Ni wangapi kati yetu tulio na nguo sandukuni ambao tungefanya vile?

3. Habari ya Daudi nduguye

Sultani Hasan alikufa, na nduguye Daudi akatawala mahali pake. Daudi huyu si mfalme Daudi wa Biblia; ni jina moja tu. Asema Ibn Battuta ya kuwa alikuwa kinyume cha nduguye. Mwombaji alipokuja mlangoni pake, Daudi alimjibu kwamba yule aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha nyuma yake kitu cha kutolewa. Wageni walikaa mlangoni miezi mingi, na mwisho wakapewa kidogo tu, hata wakaacha kwenda kwake.

Lipimeni neno hilo, ndugu. Nusu ya kwanza ni kweli: Hasan alikuwa amekufa. Lakini nusu ya pili, ya kwamba hakuna kitu, tuiamini namna gani? Bandari ilikuwapo. Bahari haikukauka. Hata Wareno walipouvamia mji ule mwaka 1505, yaani zaidi ya miaka 150 baadaye, waliukuta ungali na biashara yake. Basi kilichokwisha Kilwa siku ya kuzikwa Hasan hakikuwa mali. Wazee wetu wasema: Kutoa ni moyo, si utajiri. Daudi alirithi kiti, akarithi ghala na jumba, moyo hakuurithi. Naye akafanya jambo tulifanyalo watu wengi: alimtwika marehemu mzigo wa uchoyo wake mwenyewe. Hakusema, Mimi sitaki kutoa. Alisema, Mtoaji amekufa.

4. Kilichofichwa ndani ya zawadi

Lakini haifai tumhukumu Daudi na kumwacha Hasan bila kumwangalia sawasawa. Habari ya mavazi haikuishia kwa yule fakiri kuondoka. Mwana wa sultani, aliyekuwa mrithi wake, aliyachukua mavazi yale kutoka kwa fakiri, akampa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru kwa tendo lake, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine, na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Twaisoma habari hiyo, na furaha yetu yapungua. Watu ishirini walitolewa kama vitu, na katika kitabu hawana hata majina. Walitoka wapi? Ibn Battuta mwenyewe asema ya kuwa sultani huyo alizoea kuishambulia nchi ya watu weusi wa bara na kuchukua nyara, na katika nyara hizo alitenga sehemu ya tano kwa matumizi ya dini. Basi ukarimu uliosifiwa mlangoni pa msikiti ulikuwa na mama waliolia mahali pengine. Sisi watu wa bara tusiisome habari hii kana kwamba yahusu wageni tu. Njia za kwenda pwani zilipitiwa na wafungwa kwa karne nyingi, na katika Tanganyika utumwa haukukomeshwa kwa sheria mpaka mwaka 1922.

Kuna habari nyingine ya vazi, iliyopendwa sana Ulaya katika karne zile zile, nayo yatusaidia kuona tofauti. Yakobo wa Voragine aliiandika katika kitabu chake cha maisha ya watakatifu katika karne ya 13, akiifuata habari iliyo ya zamani zaidi. Askari mmoja, Martin, aliyekuwa bado hajabatizwa, alimkuta maskini uchi langoni pa mji wa Amiens wakati wa baridi kali. Hakuwa na kitu ila joho lake. Akalikata kwa upanga, akampa maskini nusu, naye akabaki na nusu. Usiku ule akamwona Kristo ndotoni amevaa kipande kile. Dakta Luther alibatizwa siku ya kumkumbuka Martin huyo, tarehe 11 Novemba 1483, na kwa hiyo akapewa jina lake.

Martin alikata kilicho chake. Hasan naye, alipovua mavazi yake, alitoa kilicho chake, na hapo alifanya vema. Lakini alipoongeza watumwa, alitoa kisichokuwa chake, maana mwanadamu ni mali ya Mungu aliyemwumba. Nabii Isaya atufundisha ya kuwa Bwana achukia unyang'anyi uletwao pamoja na sadaka (Isaya 61:8). Neno hilo latuhusu hata sasa. Mtu akimpunja kibarua wake shambani, kisha akaleta gunia la mpunga kanisani siku ya mavuno, ametoa mali ya nani? Mtu akiuza shamba la mtoto yatima wa nduguye, kisha akachangia bati za kanisa, je, Mungu hatayaona yaliyo chini ya bati?

5. Neno hilo katika vinywa vyetu

Sasa twafika mahali pa kuungama. Katika mtaa wetu alikuwapo mzee mmoja ambaye kila mwaka, mpunga ukiisha kuvunwa, alitenga magunia mawili kwa ajili ya wajane. Hakuandika daftari, wala hakuita kamati. Wajane walijua siku, wakaenda na vikapu vyao. Sisi wengine tulimsifu, na katika kumsifu tukapumzika, kwa kuwa kazi ilikuwa na mwenyewe.

Mzee akafa, tukamzika kwa nyimbo. Mavuno yaliyofuata, mjane mmoja akaja mbele yetu wazee wa kanisa na kikapu kitupu. Hakusema maneno mengi. Mmoja wetu akamjibu, bila ukali wowote, ya kwamba yule mzee aliyekuwa akitoa sasa hayupo. Wote tukanyamaza. Mama yule akatuitikia kwa adabu, akarudi nyumbani kwake. Mpunga ulikuwa nyumbani mwa kila mmoja wetu aliyeketi pale.

Siku ile hatukuwa tumesoma habari za Daudi wa Kilwa. Tulipozisoma baadaye tuliona haya, maana tulikuwa tumetumia karibu maneno yake. Hatukumdanganya yule mama. Mzee alikuwa amekufa kweli. Lakini neno la kweli laweza kutumiwa kama komeo la mlango.

Wala si katika jambo la wajane tu. Mara ngapi sharika husema vivyo hivyo juu ya marafiki wa ng'ambo? Paa lavuja, nasi twasema wale waliokuwa wakileta msaada hawaleti tena. Darasa la ubatizo halina vitabu, nasi twasema mtumishi fulani amehama. Tukumbuke baba zetu walivyofanya. Baada ya vita ya kwanza ya dunia wamisionari wa Kijerumani waliondolewa Tanganyika, na kufikia mwaka 1920 sharika nyingi zilibaki bila wao. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 jambo hilo likatokea tena. Walimu na wainjilisti wa nchi wangeweza kuufunga mlango na kusema kwamba watoaji wamekwenda, hawakuacha kitu. Hawakusema hivyo. Waliendelea kufundisha, kuzika wafu, kuwatembelea wagonjwa, na wengi wao walifanya hivyo wakilima shamba ili wapate chakula. Kanisa letu, lililoundwa mwaka 1963 kwa kuungana kwa makanisa saba, limejengwa juu ya kazi ya watu hao, ambao hawakulinena neno la Daudi.

6. Mtoaji wetu amekufa

Lakini tukikoma hapa, somo letu litakuwa sheria tupu. Tutasema: Usiwe kama Daudi, uwe kama Hasan katika mema yake, uwe kama Martin. Nawe utakwenda nyumbani umechoka, maana moyo wa uchoyo hauponywi kwa kukemewa. Tusikie basi Injili.

Sisi Wakristo nasi tuna Mtoaji aliyekufa. Alikuwa tajiri, akawa maskini kwa ajili yetu (2 Wakorintho 8:9). Naye hakusimamishwa njiani ndipo avue mavazi yake. Askari walimvua, wakayapigia kura. Hakutoa watu wengine kuwa zawadi; alijitoa mwenyewe. Hata alipokufa, wanafunzi wake walifunga milango wakakaa kwa hofu, kama watu walioachwa bila kitu.

Lakini Waraka kwa Waebrania watufundisha jambo ambalo Daudi wa Kilwa hakulijua. Wasema ya kwamba wasia hauna nguvu wakati yule aliyeuweka angali hai; akiisha kufa, ndipo urithi hutolewa (Waebrania 9:16–17). Kwa wanadamu, mtoaji akifa zawadi hukoma. Kwa Kristo, kufa kwake ndiko kulikoifungua hazina. Mwaka 1520 Dakta Luther aliwafundisha watu wake kwa nguvu ya kuwa Meza ya Bwana ni wasia wa namna hiyo: mwenye kuagana amekufa, ahadi yake imesimama, na sisi twaitwa warithi. Kila tuendapo mezani twapokea fungu letu: ondoleo la dhambi, na uzima, na wokovu. Tena Mwenye kuuacha wasia huo amefufuka, naye mwenyewe huwagawia warithi wake.

Kwa hiyo neno la Daudi haliwezi kukaa kinywani mwa Mkristo. Ni kweli, Mtoaji wetu alikufa. Lakini alituachia vyote. Sisi hatutoi kama masultani wanaotaka kusifiwa mlangoni. Twatoa kama watu waliopewa. Luther alipokuwa karibu kufa, mwezi wa Februari 1546, aliandika katika karatasi maneno machache, na ndani yake alikiri ya kwamba sote tu waombaji. Mtu ajuaye ya kuwa yeye mwenyewe ni mwombaji aliyepokelewa, atawezaje kumwacha mwombaji mwenzake akae mlangoni miezi mingi?

Twamalizia kwa habari ya yule mama. Baada ya kusoma mambo haya pamoja, wazee tulikubaliana ya kwamba kila nyumba, wakati wa mavuno, itenge debe moja la mpunga, na aliye na kidogo atenge pishi, ili zawadi isitundikwe tena juu ya shingo ya mtu mmoja. Kisha tulikwenda watu wanne nyumbani kwake, tukamwomba radhi kwa jibu la mwaka uliopita, tukaushusha mzigo. Akautazama, akatuuliza: Ni nani aliyetoa? Tukatazamana, tukashindwa kutaja jina moja.

Maswali ya kujifunza

1. Neno la Daudi lina nusu ya kweli na nusu ya uongo. Zionyesheni zote mbili.
2. Zawadi ya mavazi na zawadi ya watumwa zina tofauti gani mbele ya Mungu? Toeni mfano wa mambo ya siku hizi katika mashamba na biashara zetu.
3. Katika usharika wenu, ni kazi gani iliyomwelemea mtu mmoja? Akifa au akihama, ni nani atakayeumia kwanza?
4. Kwa nini Waebrania 9:16–17 yageuza neno la Daudi? Fundisho hilo lina maana gani kwetu tuendapo mezani pa Bwana?
5. Je, yuko mtu tuliyemrudisha na kikapu kitupu? Tufanye nini kabla ya mavuno yajayo?

Sala

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyekuwa tajiri ukawa maskini kwa ajili yetu, twakushukuru kwa wasia wako usiokoma. Utusamehe maneno tuliyoyatumia kuifunga milango yetu. Uwakumbuke wajane na yatima wa bonde letu, na utufanye sisi kuwa mikono yako kwao, hata siku ile tutakapokaa pamoja nao mezani pako. Amina.